Mshale Nyuma ya Kitenge

Tuntufye alijua kuendesha gari kabla hajajua kupika wali ukaiva vizuri, na waliokerwa na jambo hilo walikerwa wao, yeye hakujali. Baba yake mzazi alikuwa dereva wa malori ya ushirika, enzi zile ushirika ulipokuwa mnunuzi pekee wa mpunga, naye alimfundisha binti yake usukani kwenye majaruba yaliyokauka baada ya mavuno. Alipoolewa na Godwin kijijini Ngana, majirani walinong'ona kwamba mwanamke wa namna hii atamkalia mume kichwani. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Kila mwenye magunia mawili akajiita mfanyabiashara, Godwin akapata pikapu ya dizeli iliyopitia Dubai, na wale wale wanong'onaji wakaanza kuja alfajiri kumbembeleza Tuntufye awapandishie mchele wao Mbeya. Binadamu bwana.

Pikapu ile ilikuwa na tabo. Kwa wasioijua, tabo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili isukume hewa zaidi ndani, na ndiyo inayoipa dizeli ndogo kifua cha kupanda mlima na mzigo. Ubaya wake ni mmoja. Dereva akilewa ile nguvu, akang'ang'ania gia kubwa mlimani huku amekanyaga mafuta, moshi unaotoka kwenye silinda unapata moto wa kuyeyusha pistoni. Geji ya maji haitakwambia kitu. Rejeta imetulia, mshale wa maji uko katikati, dereva anapiga mluzi, na huko ndani mambo yanaharibika. Injini ya kwanza ya Godwin ilikufa hivyo, kwenye kilima cha kabla ya kijiji kiitwacho Ushirika, ikiwa imebeba mchele wa watu. Godwin alikaa juu ya tairi la akiba akalia mbele ya abiria wake wote, wala hakuona haya.

Injini ya pili aliitafuta Badru, muuza vipuri wa Kyela mjini, mtu ambaye babu yake alitoka Kilwa na yeye mwenyewe hajawahi kuiona bahari. Badru alikataa katakata kuifunga mpaka wakubali kuweka na geji ya joto la moshi. Alitoboa bomba karibu na tabo, akachomeka kijiti cha chuma, akapitisha waya mpaka ndani. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo geji ikaishia pembeni kabisa mwa dashibodi, kushoto, mbele ya abiria. Ilikuwa na namba kuanzia mbili hadi tisa, kila moja ikiwa ni mamia ya nyuzi joto, na Badru alibandika utepe mwekundu kwenye saba.

“Shemeji, hapo kwenye utepe ndipo ujanja unapoishia,” alimwambia Tuntufye, maana Godwin alikuwa bado ana hasira na mlima. “Ukifika saba, shusha gia, legeza mguu. Usibishane nao huo mshale.”

Tuntufye hakubishana nao. Alizoea kuutupia jicho kila kwenye mpando, kama mpishi anavyochungulia sufuria, na injini ya pili ikadumu.

Sasa tuje kwa mzee Ambilikile, baba yake Godwin. Wanyakyusa wana kitu wanakiita ukutila. Mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake usoni, hazungumzi naye, hakai naye mahali pamoja. Akisikia anakuja, anapisha. Wachungaji walikuwa wamekwisha sema hayo ni mambo ya zamani, na kule mjini vijana walikuwa wakipeana mikono na wakwe zao bila wasiwasi. Lakini kwa mzee Ambilikile utamaduni ulikuwa bado unakaa sebuleni. Kabla ya kuingia uani alikohoa kule kwenye migomba, Tuntufye akajitoa kwa mlango wa nyuma, na maisha yakaendelea. Tangu aolewe mpaka watoto wake wakaanza shule, alikuwa amezijua tu nyayo za mzee yule, fimbo yake na kile kikohozi. Sura hakuijua. Wazee waliamini kwamba anayevunja ukutila hulipiwa na mwingine wa mle mle nyumbani, mara nyingi aliye dhaifu kuliko wote.

Ndipo Bibi Angetile, mke wa mzee, akaugua tumbo. Lilianza jioni kama gesi, na asubuhi lilikuwa limevimba na kukaza, mgonjwa akitapika maji ya kijani. Mganga wa zahanati alimbonyeza mara moja tu, akakunja uso. Utumbo umejisokota, alisema. Apasuliwe leo hii, na mpasuaji yuko hospitali ya misheni, kule juu kupita Tukuyu. Tena mume aende, maana watataka sahihi yake kabla ya kisu.

Godwin alikuwa Dar es Salaam. Gari lilikuwa uani. Dereva alikuwa mmoja tu, na kila mtu akamtazama, kisha akamtazama mzee, kisha akatazama chini.

Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Kyela isiyo na haya. Wakamlaza mgonjwa nyuma juu ya godoro, chini ya turubai, na wanawake wawili wa kumshika: Nancy, dada yake Godwin, na jirani mmoja mwenye mikono yenye nguvu. Huko nyuma palikuwa na beseni, na nguo za kubadilisha, na mambo ambayo mwanaume hakai akayatazama, hata kama ni mumewe. Mzee Ambilikile ikabidi akae mbele. Nancy akatoa kitenge, akafunga ncha moja kwenye kioo kidogo cha kutazamia nyuma na nyingine kwenye fremu ya dirisha la nyuma, likawa pazia kati ya usukani na abiria. Mzee akapandia upande wake, mkwe akapandia wake. Heshima ikatunzwa.

Tuntufye alipowasha gari ndipo akagundua kwamba geji iko upande wa pili wa kitenge.

“Wifi!” aliita dirishani. Nancy akachungulia kutoka chini ya turubai. “Mwambie baba, mbele yake kuna saa yenye mshale. Nikipanda mlima, asome mshale uko kwenye namba gani.”

Mzee alikuwa umbali wa mkono mmoja. Alisikia kila neno. Hata hivyo Nancy alizunguka kwenye mvua mpaka dirisha la kushoto, akasema, “Baba, unaambiwa usome mshale wa hiyo saa.”

“Mwambie nimesikia,” alijibu mzee.

“Wifi, anasema amesikia.”

Hivyo ndivyo walivyoondoka Ngana. Mpaka Kasumulu barabara ilikuwa tambarare na matope, na hakukuwa na haja ya kusemezana. Baada ya kushika lami na kuanza kupanda, Tuntufye alisikia mlio wa injini unazama, naye akawa hana pa kutazama. Baba mkwe huwezi kumuuliza swali. Akafikiri, akapata njia.

“Gari,” alisema kwa sauti, macho barabarani, “sasa hivi umefika ngapi?”

Nyuma ya kitenge kiti kililia. Kisha kile kikohozi.

“Gari,” ilisema sauti ya mzee, “naona umefika sita.”

Tuntufye alitaka kucheka, akajikaza. Mambo yakaenda hivyo, mkwe akiuliza gari, mzee akilijibia. Sita. Sita na nusu. Ibanda wakaipita, joto la bondeni likaanza kupungua, mashamba ya mpunga yakabaki chini na migomba ikasogea barabarani. Kwenye mpando wa kwanza mkali mzee akasema, “Gari, umegusa utepe mwekundu,” na Tuntufye, kama alivyofundishwa, akashusha gia na kulegeza mguu. Injini ikapandisha sauti, gari likapunguza mwendo, mzee akatangaza sita. Safi kabisa.

Nyuma Bibi Angetile alikuwa anaguna. Mwanzoni aliguna kwa kujizuia, kama mtu mwenye adabu zake. Baadaye alianza kupiga kelele kila gurudumu lilipoingia shimoni, na kelele zile zilipita kwenye kioo cha nyuma zikaingia moja kwa moja sikioni mwa mumewe. Mzee hakuwa mjinga. Alisoma darasa la nne la mkoloni, namba hazikumsumbua, na alikuwa ameshaona mchezo ulivyo. Akisema saba, gari linatambaa. Akisema sita, linakwenda. Mkewe anakufa huko nyuma, na neno moja tu kutoka kinywani mwake linaamua gari likimbie au litambae.

“Gari, ngapi?” aliuliza Tuntufye kwenye kilima kilichofuata.

“Tano,” alisema mzee.

Tuntufye akakanyaga. Gari likashika mlima na gia ya nne, tabo ikilia kwa nguvu, na kwa muda ilikuwa raha tupu kulisikia. Akauliza tena, akaambiwa tano. Mvua ikageuka ukungu. Akauliza tena, tano.

Kuna kitu mguuni mwake hakikukubali. Tano kwenye kilima hiki? Na gia ya nne, na watu watano na godoro? Haijawahi kutokea hata gari likiwa tupu. Akili ilimwambia hivyo waziwazi. Lakini aliyesema tano ni baba mkwe, na mkwe mwanamke anayemtilia shaka baba mkwe wake ameshavunja nusu ya ukutila hata kabla hajainua macho. Akapewa wali mbichi, atasema umeiva. Akaambiwa tano, ni tano. Aliona aibu kwa kuwaza vinginevyo. Akaendelea kukanyaga. Mwanamke aliyeshika usukani tangu utotoni, anayejua injini ile kwa mlio na harufu, aliamua kuamini adabu kuliko masikio yake, na Ngana nzima ingemsifu kwa hilo.

Kioo cha nyuma kikagongwa kwa ngumi.

“Wifi!” Nancy alipiga kelele. “Moshi! Moshi mweusi tii unaingia kwenye turubai! Mama anakohoa, anashindwa!”

Moshi mweusi.  Ina maana injini inakunywa mafuta kuliko hewa iliyonayo, na injini ya namna hiyo haiwezi kuwa kwenye tano.

“Gari,” alisema, “ngapi?”

“Tano,” ilisema sauti nyuma ya kitenge, haraka mno, bila hata nafasi ya kutazama.

Tuntufye alifikiria yale yasemwayo na wazee, kwamba huwa analipa aliye dhaifu. Aliye dhaifu alikuwa amelala nyuma anakohoa. Aliogopa, tena aliogopa hasa. Kisha akashika kitenge kwa mkono wa kushoto na kukivuta kikachanika.

Mshale ulikuwa umepita nane.

Na kando ya mshale alikuwepo mzee mmoja mdogo kuliko alivyomdhania, mwenye macho ya Godwin kwenye ngozi ya siku nyingi, analia. Machozi yalikuwa yameshalowesha kola ya koti. Alikuwa analia muda wote huo kimya kimya, akisema tano, tano.

Wakatazamana. Mzee akanyanyua koti lake ajifunike uso.

“Usijifunike, baba!” Tuntufye alisema, naye tayari alikuwa ameshaondoa mguu na kupiga gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikinguruma. “Funua macho usome! Gari hii ikifa hapa, mama anafia hapa hapa kwenye ukungu. Hakuna gari nyingine inayokuja. Soma ukweli!”

Hakuna mwanamke aliyewahi kumsemesha mzee Ambilikile namna ile, hata mama yake mzazi alipokuwa hai.  Akashusha koti.

“Nane,” alisema.

“Soma.”

“Nane bado. Inashuka. Saba na nusu.” Alikuwa ameinamia geji mpaka pua inakaribia kioo. “Saba. Umetoka kwenye utepe. Sita na nusu, mwanangu.”

Tuntufye alingoja kitu kitokee. Mbingu hazikupasuka. Mvua iliendelea, ukungu uliendelea, na moshi mweusi ukakatika nyuma yao. Wakapanda hivyo, gia ya pili, mwendo ambao mtu mwenye afya angeweza kuufuata kwa miguu, mzee akisoma kila namba kama anasoma Injili na kila mguno wa mkewe ukimkata. Mara mbili aliomba, “Ongeza kidogo, mwanangu, nakusihi.” Mara zote mbili Tuntufye alitazama mshale kwa macho yake mwenyewe, akasema hapana. Ilimuuma kusema hapana, lakini alisema.

Walifika hospitali ya misheni mchana ukiwa umeanza kulegea. Wauguzi wakatoka na machela, mgonjwa akashushwa anapumua, mzee akakimbizwa ndani kwa ajili ya sahihi. Tuntufye alibaki garini, injini ikinguruma taratibu, maana tabo iliyotoka kwenye moto ule ukiizima ghafla umeiua. Mlinzi alikuja mara mbili kumwambia azime, anachafua hewa ya wagonjwa. Mara ya pili Tuntufye alimtazama tu, na mlinzi akakumbuka ana kazi getini. Ndani ya mlio wa injini palikuwa na mluzi mwembamba ambao asubuhi haukuwepo. Kitu kilikuwa kimeungua. Kingedumu miezi, au wiki.

Bibi Angetile alitolewa chumba cha upasuaji akiwa hai. Nancy ndiye aliyekuja kusema, akicheka na kulia kwa pamoja. Daktari alikuwa amemwonyesha kwa vidole utumbo ulivyokuwa umeanza kuwa mweusi, akasema wangelala njiani, kesho yake wangeleta maiti.

Baadaye mzee Ambilikile akaja peke yake. Alisimama dirishani upande wa dereva, macho kwenye tairi, fimbo mkononi, amerudi kuwa baba mkwe.

“Gari,” alisema. Akakohoa. “Ile nane. Ingekuwaje?”

Tuntufye alikuwa na jibu. Pistoni ingeyeyuka, gari lingelala kilimani, na mkeo angekufa ndani ya turubai kwa sababu wewe ulinidanganya. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kooni, alitamani kuitema yote. Aliitazama mikono ya mzee juu ya fimbo. Ilikuwa imeikamata kama mtu anayeogopa kuanguka.

“Ile geji ni ya mtumba, baba,” alisema. “Huwa inazidisha.”

 Mzee akashusha pumzi ndefu, na mgongo wake ukanyooka.

“Nilijua!” alisema. “Nilijua mimi! Hivi vitu vya Dubai!” Akaondoka akigonga fimbo chini kwa nguvu mpya, na kabla hajafika barazani alikuwa ameshampata mtu wa kumsimulia.

Kesho yake Tuntufye aliruhusiwa kuingia wodini. Mama mkwe ni ruhusa kumtazama, na hawa wawili walikuwa wametazamana miaka yote, wakamenya ndizi pamoja, wakagombana na kupatana. Bibi Angetile alikuwa amelala chali, mdomo umekauka, macho makali.

“Ugonile, mama,” alisalimia Tuntufye.

“Ugonile. Kaa hapa.” Alisubiri muuguzi apite. “Kule nyuma nilivuta moshi kama niko jikoni kuni zimelowa. Kisha nikasikia kelele zako. Mzee alikuwa anakwambia ngapi?”

“Tano, mama.”

“Na ilikuwa ngapi?”

“Nane ilishapita.”

Bibi Angetile akatazama dari. Nje ya dirisha sauti ya mzee Ambilikile ilisikika vizuri, inamweleza mgonjwa fulani wa mguu namna mkwe wake alivyomtambaza mama wa watu mlimani kwa kuogopa saa mbovu. Mgonjwa wa mguu alikuwa anaitikia, eeh, eeh, wanawake na magari. Tuntufye aliinama akakunja ncha ya shuka.

“Angeniua?” aliuliza Bibi Angetile.

Uongo mwingine ulikuwepo tayari, na haukuwa na shida kutoka. Lakini mwanamke huyu alikuwa anamtazama machoni.

“Angekuua, mama.”

Bibi Angetile akageuza kichwa kuelekea dirishani. Huko nje mzee alikuwa amefika kwenye sehemu ya kitenge, anaipunguza hapa, anaiongeza pale.

“Nani alimwambia saa ni mbovu?”

“Mimi.”

Mkono wa mama mkwe ulitoka chini ya shuka, mwembamba, na mpira wa dripu umebandikwa juu yake, ukamshika Tuntufye kifundo kwa nguvu ambazo hakudhani mgonjwa anazo.

“Ndaga, mwanangu,” alishukuru. “Hata nikitangulia mimi, akabaki yeye, akakukera kila siku ya Mungu, usimwambie.”